Ngassa na Mlango wa Mninga

Apolonia alikuwa nyuma ya nyumba, anakata viazi vya michembe na kuvianika juu ya jabali, aliposikia nyundo ikigonga bawaba upande wa mbele. Hakushtuka. Wezi wa Didia hawagongi nyundo mchana kweupe, kwa hiyo alijua ni mtu anayejiona yuko kwake. Alimaliza kiazi kilichokuwa mkononi, akafuta kisu kwenye kanga, akazunguka.

Alimkuta mumewe, Ngassa, amesimama kizingitini, mlango wa mninga ameukumbatia kifuani. Nje kulikuwa na kirikuu cha kukodi, dereva amesinzia kwenye usukani. Ngassa alikuwa ameung'oa mlango vizuri bila kuuchubua, maana mikono yake ni ya fundi, ila alipotaka kutoka nao miguu ilikataa. Kizingiti kilikuwa kimemshika nyayo, na mlango umemshika viganja.

"Habari za Katoro, Baba Enock?"

"Nzuri tu, Mama Enock. Nimekwama."

Apolonia aliona kwamba ni kweli. Akamletea maji, akamnywesha.

Zindiko lililomnasa aliliweka Ngassa mwenyewe. Mwaka shimo lake lilipotoa dhahabu kule Geita, alijenga nyumba ya tofali za kuchoma, akaleta mlango wenye makufuli matatu, mlango ambao watu wa Didia walikuja kuugongagonga kwa vidole kana kwamba wanachagua tikiti maji. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, Ngassa hakuwasikiliza. Na makufuli hayakumtosha. Akamwita mzee Bujiku, mganga wa Tinde, afukie dawa chini ya kizingiti, ili atakayetoa kitu cha watu humo ndani asivuke. Alisema mkewe atakuwa analala peke yake na hataki alale na hofu. Wakati huo alimpenda, lazima tuseme ukweli. Kisha akarudi machimboni. Akaja Krismasi moja, akaja kwenye msiba wa mama yake, halafu ikawa ni salamu tu. Enock, mtoto wao wa pekee, alipopata nguvu za kushika sururu alimfuata baba yake huko huko. Apolonia akabaki na mlango.

Sasa Ngassa alikuwa na nyumba nyingine Katoro, na mwanamke mwingine ndani yake aitwaye Goodness, na watoto wadogo. Wezi wa Katoro, alieleza, si wa mchezo, wanaingia mpaka kwa wenye mbwa. Mlango wa namna ile haupatikani tena.

"Huku hakuna wezi," alisema. "Na wewe una nini cha kuibiwa?"

Maneno hayo yalimuuma Apolonia kuliko habari za Goodness, ambazo alikuwa anazijua.

Mzee Bujiku alifika kesho yake kwa baiskeli. Aliinama, akakagua kizingiti, akaridhika na kazi yake. Alikuwa mganga msafi, na dawa zake hazikumletea mtu aibu: aliyenaswa alisikia njaa na usingizi, haja nyingine zote zilisimama. Akaeleza namna ya kunasuka. Ngassa aseme kwa kinywa chake kwamba ameiba, aurudishe mlango mahali pake. Au Mama Enock aseme amempa, aondoke nao.

"Siwezi kuiba kwangu," alisema Ngassa. "Nyumba ni yangu, mke ni wangu, nina cheti cha ndoa cha parokia."

"Dawa haisomi cheti," Bujiku alimjibu. "Inamjua anayelala humo."

Apolonia naye hakusema amempa. Mzee akanywa uji wake, akapanda baiskeli.

Jioni wakaja sungusungu, kamanda Masalu mbele na marungu nyuma, kwa kuwa utaratibu unataka aliyenaswa aonwe. Walimzunguka Ngassa, wakashauriana. Wakakubaliana kwamba mtu kuchukua mlango alioununua mwenyewe si wizi, ni mambo ya ndani. Wakampa pole kwa kusimama, wakaondoka. Hakuna aliyemuuliza Apolonia angelalaje bila mlango. Katika Didia nzima, dawa peke yake ndiyo iliyomwita Ngassa mwizi. Kirikuu kikarudi kitupu.

Wakazoea. Apolonia akitaka kutoka, Ngassa aligeuza kiwiliwili pamoja na mlango, akampisha. Wageni walibisha hodi juu ya mbao, naye akawajibu karibu. Salome, jirani, alipopita kwenda kisimani alimwamkia mwangaluka, kisha akamwambia Apolonia ana bahati, angalau mume wake amekwama kwake.

Mikono ya Ngassa haikuwa huru, kwa hiyo Apolonia alimlisha: ugali kwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, tonge moja moja. Alikuwa hajakisogelea kinywa kile kwa muda mrefu sana. Simu nayo alimshikia sikioni. Ngassa aliongea na Goodness kwa sauti ya chini, kana kwamba aliyeshika simu hayupo, akasema gari limeharibika Kahama, spea hazijafika. Watoto wa Katoro walipopewa simu waliuliza baba anakuja lini, na Apolonia aliwasikia vizuri, kwa kuwa sikio lake lilikuwa pale pale. Chaji ikiisha, aliichaji kwenye sola yake.

Zamani alikuwa mpweke wa nyumba tupu, na upweke huo alikuwa ameuzoea. Huu wa nyumba yenye mtu ulikuwa mpya. Ulimkuta hata akiwa ameshika tonge.

Mvua za kwanza zilinyesha za upepo, zikawa zinampiga Ngassa kichwani na mabegani. Apolonia alitoa kanga yake ya kanisani, akamfunika mabega, akaifunga fundo shingoni. Alipomaliza hakuondoka.

"Baba Enock, ukisema umeiba, ukaurudisha mlango, utabaki?"

Ngassa alifikiri. Kwenye simu alikuwa mwongo, lakini uso kwa uso hakuwahi kumdanganya mtu.

"Hapana," alisema. "Nitaondoka."

"Na mimi nikisema nimekupa?"

"Nitaondoka nao."

Apolonia alimtazama usoni, mvi za kidevuni, vumbi la Geita ambalo maji hayakulitoa. Alikuwa mumewe, na alimtaka.

"Basi usiseme," alimwambia. "Na mimi sisemi."

Akamwomba ajigeuze apite. Ngassa alimpisha, kisha akajirudisha pamoja na mlango, nafasi ikaziba, wala upepo haukupita. Apolonia akazima taa, akalala upande wake wa kitanda.