Ni Dakika Hamsini Tu

Pale kwenye dirisha la tiketi za ndege wenzake walimbandika jina la Hamsini, likamkaa kuliko lake la kuzaliwa. Abiria akiuliza mji wa pili, ule wa ng'ambo ya milima, uko mbali kiasi gani, alijibu bila kuinua macho: kwa barabara, siku nzima na nusu ya kuizunguka milima, kwa ndege, dakika hamsini tu. Mpima mizigo alipenda kumtania kwamba hata akiulizwa hali, atajibu hamsini.

Mama yake mzazi aliishi huko huko ng'ambo, kwenye nyumba ya bati la buluu jirani na uwanja wa ndege. Na huyu binti, aliyeruhusiwa kupanda bure kila kiti kikibaki kitupu, alikuwa na miaka minne hajamtia mama machoni. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda, tena sana. Ila cha karibu hakina haraka, bwana. Mwezi huu anahama nyumba, mwezi ujao mtoto ana mitihani, na kila simu iliishia pale pale: atakuja tu, si dakika hamsini? Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo linaloumia si la anayengojwa.

Kaka yake mkubwa aliwahi kumsimulia kwamba mama kila akisikia ndege inashuka huuliza kama mwanawe yumo. Hamsini alicheka, kisha akaenda kunawa uso.

Asubuhi moja kaka akapiga simu, sauti imemkauka. Mama hali, hanywi, anamtaja yeye tu. "Mdogo wangu," alisema, "leo usipige kalenda, njoo leo leo."

Hamsini alifunga dirisha watu wakiwa kwenye foleni, akapanda ndege ya kwanza na viatu vyake vya ofisini. Kaka akamwambia mama kwamba mwanawe yuko njiani.

Dakika hamsini zilitimia, na kweli mji ulikuwa chini yao, ila umejifunika ukungu gubigubi. Ndege ikazunguka mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu, ukungu ukaachia upenyo kidogo, akaliona bati la buluu na kamba ya nguo uani, karibu mno hata akaweka kiganja kwenye kioo. Kisha pakajifunga. Rubani akawaomba radhi: uwanja hauonekani, na mafuta yaliyobaki ni ya kuwarudisha walikotoka. Hamsini alisimama, akaomba wazunguke mara moja tena tu. Akaambiwa akae, afunge mkanda. Alilia njia nzima, bila kujificha.

Simu iliita akiwa bado anashuka ngazi za ndege.

"Uko wapi?" kaka aliuliza. "Tulisikia ndege kitambo sasa. Mama naye aliisikia, akasema, mwanangu huyo, fungueni mlango. Tukafungua. Akawa anauangalia tu, mpaka... Ametutoka, mdogo wangu. Wewe uko wapi?"

Alitazama mbele. Dirisha lake lilikuwa bado limefungwa, na watu wawili watatu walikuwa wangali wanamsubiri.

"Niko kazini, kaka," alisema, maana hakuwa na jina jingine la kupaita pale.

Kaka alisikika akigeukia upande, akimwambia mtu mle chumbani, taratibu kabisa: "Huo mlango ufungeni tu."