Jiwe la Wapimaji

Asubuhi ile ya Machi, mwaka wa hamsini na sita, nilishuka mlimani na sanduku la mdogo wangu Lutengano kichwani. Yeye alitangulia, viatu mkononi asivichafue. Saa sita mchana alitakiwa awe mbele ya daktari huko Iringa, aulizwe maswali ya kuingia mafunzo ya udresa, kazi ya kufunga vidonda hospitalini. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine. Mvua zilikuwa zimekata barabara upande wa Nyololo, basi halipiti. Bahati yake, Bwana Manoli, Mgiriki mwenye shamba la tumbaku Iringa, alikuwa anarudi kwake na ndege yake ndogo, akamwahidi kiti cha nyuma.

Tulipofika uwanjani, wingu lilikuwa limelala chini hata mlima wetu Loleza hauonekani. Bwana Manoli alikuwa kwenye kibanda cha redio, amekalia debe, anakunywa chai.

"Wewe umekuja," alimwambia Lutengano, "lakini jua halijaja."

Karani wa redio, Bwana Jailos, alivua vyombo vyake vya masikioni.

"Ndege ya barua inakuja, itapita hapa futi elfu tisa. Wakubwa wa njia za ndege wanasema wewe wanaweza kukupa mpaka elfu nane, basi. Wanauliza, ukifika elfu nane utakuwa umeshatoka winguni?"

"Nitajuaje, Jailos? Niko chini ya wingu kama wewe."

"Basi hawatoi ruhusa. Hawataki muwe wawili mle ndani, hakuna anayemwona mwenzake."

"Kuruka kwa kufuata mishale ya vipimo najua," alisema Bwana Manoli. "Kubahatisha, hapana. Tungoje liinuke. Labda saa tano."

Saa tano! Na kuruka mpaka Iringa ni saa moja na nusu. Lutengano alijishughulisha na viatu vyake. Nilijua sababu. Alikuwa amemwambia Bwana Manoli kwamba kwetu ni mjini, karibu na kanisa. Hakupenda kuitwa mtu wa mlimani. Na sisi wawili tu ndio tuliojua kwamba kwetu juu kulikuwa na jua. Tulipomuaga mama alikuwa ameshaanika maharage. Wingu tuliliingia chini kidogo tu, kwenye jiwe la wapimaji ardhi, pale nilipotua sanduku nikaweka ngata yangu vizuri.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na Mzungu nilikuwa sijawahi kumsemesha. Nilimvuta Lutengano shati.

"Waambie."

"Nyamaza, dada."

"Waambie kwetu kuna jua."

"Nitaonekana mwongo."

"Na Iringa utaonekana na nani, usipofika?"

Basi nikainama, nikaiambia sakafu: "Juu hakuna wingu."

"Nani kasema?" aliuliza Bwana Jailos.

"Mimi. Tumetoka huko sasa hivi."

Bwana Manoli akamgeukia mdogo wangu. "Si ulisema kwenu ni kanisani?"

Lutengano akakohoa. "Kanisani tunafika, bwana. Jumapili."

Bwana Jailos alicheka mpaka akashika meza. "Ehe, binti, wingu mmelikuta wapi?"

"Kwenye jiwe la wapimaji. Lile lililopakwa chokaa."

Akakunjua ramani, akatembeza kidole. "Hili hapa. Futi elfu saba na mia mbili!"

"Lilikuwa linapanda?" aliniuliza Bwana Manoli, na sasa aliniangalia mimi hasa.

"Limetulia, bwana. Kama maziwa kwenye bakuli. Nimeliona lote mpaka ng'ambo."

Bwana Jailos akasema na redio kwa Kiingereza. Mimi nilisikia "Loleza" tu. Tukangoja. Akaandika, akawasomea wakubwa wale tena neno kwa neno, kisha akainua kichwa.

"Umepewa. Unazunguka juu ya uwanja ukipanda, mwisho elfu nane, ukiona jua utuambie. Lakini ruhusa ni mpaka saa tatu na robo. Ikipita, haipo tena."

Ilikuwa saa tatu na dakika saba. Bwana Manoli alimwaga chai, akakimbia. Mimi nyuma yake na sanduku. Lutengano alipanda ndege kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Ndege ilimezwa kabla haijapita mikaratusi. Ikabaki sauti tu, inazunguka, inazunguka. Niliikamata ngata yangu kwa mikono miwili. Bwana Jailos naye hakutikisika.

Kisha akatabasamu. "Wametoka. Elfu saba na mia tatu, jua kali." Akasikiliza tena. "Anasema kijana wako anampigia kelele huko nyuma. Anamwonyesha nyumba."

"Nyumba gani?"

"Yenu. Anasema ile yenye maharage uani, ndiyo kwetu."

Nikakaa kwenye debe la Bwana Manoli, nikacheka peke yangu. Bwana Jailos akanimiminia chai, nikangoja hapo mpaka habari ikaja kwamba wametua Iringa. Ilikuwa saa tano kasoro robo.

Niliporudi kwetu, wingu lilikuwa limepanda, limelipita jiwe kwa hatua ishirini na mbili. Nilizihesabu, maana Bwana Jailos alisema kesho nikishuka ataniuliza wingu limefika wapi.