Nyama ya Wachezaji

Kila mwaka, siku ya michezo inapokaribia, walimu wa hapa Garissa huniletea barua wakiniomba niende nizungumze na wanafunzi juu ya faida za michezo. Hunitafuta mimi kwa sababu nilikuwa kapteni wa timu iliyochukua kombe la mkoa mwaka wa tisini na mbili, na kwa sababu sasa nina duka la vifaa vya ujenzi, na mtu mwenye duka huaminiwa hata akisema upuuzi. Barua zao nazifungia misumari. Yale ambayo ningewaambia watoto hao, kama ningekuwa na uso wa kusimama mbele yao, ndiyo haya.

Mwaka ule mvua ilitukataa. Mizoga ya ng'ombe ilijipanga kandokando ya barabara ya Wajir, wakafuata mbuzi, na ngamia walipoanza kuanguka wazee wakaacha kusema "subira". Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, imezungushiwa ua wa miiba, wavulana mia tatu ndani yake. Asubuhi tulikunywa uji usio na sukari. Mchana na jioni tulikula mahindi na maharagwe, na wadudu waliokuwa humo hatukuwatoa, maana nao walikuwa chakula.

Mkuu wa shule alikuwa Bwana Mwakio, Mtaita, mtu mwema. Nasema mwema na simaanishi kejeli. Aliupenda mpira kuliko mshahara wake, na mazoezi aliyasimamia yeye mwenyewe akiwa na filimbi shingoni. Alikuwa na sheria moja ya ajabu: yeye akipiga makofi, shule nzima ipige. Asiyepiga alichimba choo.

Huyo ndiye aliyeamua kwamba timu haiwezi kukimbia kwa maharagwe. Akahangaika huko na huko mpaka akapata mbuzi wawili kwa juma na gunia la maziwa ya unga. Ikawekwa meza kwenye baraza ya jikoni, viti kumi na vinne, na Nunow mpishi akaambiwa nyama ile ni ya wachezaji peke yao. Wenzetu walikaa chini ya jua wakinusa. Kwa hiyo, kama mnataka faida ya kwanza ya michezo, andikeni nyama.

Wavulana ambao hawakuwahi kupiga hata jiwe kwa mguu walikuja kujaribiwa. Mmoja wao alikuwa Noordin, wa kidato cha pili, mtoto wa wafugaji kutoka Hadado. Miguu yake ilikuwa kama fito, tukamcheka. Kisha Bwana Mwakio akaweka mkebe mtupu hatua thelathini mbele yake, na Noordin akaupiga kwa mpira wa mguu wa kushoto. Tukasema ni bahati. Akaupiga mara tatu zaidi. Jioni hiyohiyo alipewa kiti, akawekwa kando yangu.

Juma la kwanza alicheza vizuri. Juma la pili akaanza kuchoka kabla ya nusu ya mazoezi. Alikula nyama kama sisi lakini alizidi kukonda, na Bwana Mwakio akampa dawa ya minyoo. Jambo jingine lilikuwa hili: mvulana anayeweza kulenga mkebe, kila jioni alikuwa anapiga mpira mmoja juu ya ua, upande uleule, kisha anakimbia kuufuata. Anakaa kidogo, anarudi na mpira kwapani.

Siku moja nikamfuata. Nyuma ya ua palikuwa na vibanda vya vijiti na matambara, vimeota pale bila mtu kuvipanda. Nilimkuta Noordin amechuchumaa, anateremsha soksi yake, na ndani ya soksi kulikuwa na nyama aliyoifunga kwa karatasi ya daftari. Mbele yake alisimama msichana wa miaka sita au saba, ameshika mkebe wa mafuta ya kupikia. Aliila nyama ile haraka, akalamba karatasi, kisha akaitafuna karatasi yenyewe.

"Hawa ni nani?" nikamuuliza Noordin.

Alisimama, akapandisha soksi. "Wakimbizi tu, kabteni," akasema. "Nawahurumia."

Sisi Wasomali tuna ugonjwa huu, na sijaona dawa yake. Mtu ambaye baba yake alijulikana kwa ngamia hasemi "nina njaa". Anakuja kwako tumbo limegusana na mgongo, unamkaribisha chakula, anakwambia ametoka kula. Noordin angeweza kusema pale pale, "Huyu ni dada yangu." Akaona ni afadhali ndugu zake waitwe wakimbizi kuliko mtoto wa mjini kama mimi ajue kwamba nyumba yao imekuja kuomba. Na mwaka ule wakimbizi walikuwa wengi, na kila mtu alijua kwamba wana kambi yao na malori ya unga. Basi uongo wake ulikaa vizuri.

Lakini nitasema na hili, kwa maana nimechoka kulificha. Nililiona paji la uso la yule msichana. Lilikuwa pana, limetokeza kidogo juu ya nyusi, kama la Noordin. Nililiona, nikajifanya sikuliona.

Nikamwambia Bwana Mwakio. Kwa nini nisimwambie? Nilikuwa kapteni, na fainali dhidi ya timu ya Mandera ilikuwa imebaki majuma manne. Bwana Mwakio alisikitika kweli. "Wakimbizi wana wenyewe wa kuwalisha," akasema. "Huyu kijana anajiua." Akaamuru pengo la ua lizibwe kwa miiba. Akaamuru kwamba mpira ukitoka nje nitaufuata mimi. Na mezani Noordin akae kati yetu wawili, ale chakula chote, kisha afungue mdomo tuone.

Siku ya kwanza alikula huku machozi yanamtoka. Bwana Mwakio akadhani ni pilipili, akamgombeza Nunow.

"Bilibili gani, Mwalimu?" Nunow akalalamika. "Mimi naweka jumvi tu, walahi!"

Nunow aliyaona yale machozi, nadhani. Ndiyo maana tangu siku hiyo akawa anapakua na kugeuza uso.

Noordin akaanza kunawiri, na hapo hatukuweza kubisha. Mashavu yalijaa. Mapaja yakapata nyama. Akawa anakimbia dakika tisini na kuomba nyingine. Bwana Mwakio alikuwa akimpiga begani na kusema, "Mnaona? Mnaona?"

Mpira ulitoka nje mara moja tu katika majuma mawili yaliyofuata, na si Noordin aliyeupiga. Nilipoufuata, yule msichana alikuwa papo hapo na mkebe wake. Alikuwa amebadilika. Nywele zake zimegeuka rangi, kama majani makavu, na magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja.

"Nenda kambini," nikamwambia. "Kambini kuna unga."

"Tulikwenda," akasema. "Walimwuliza mama karatasi. Wakasema sisi ni wa Kenya, turudi kwetu."

Basi hapo nikajua yote, siwezi kusema sikujua. Mama yake alikuwa na kipande, kitambulisho cha Kenya, kile kile ambacho askari wanatudai kila kizuizi cha barabarani, na kwa kile kipande akanyimwa unga. Angekuwa mgeni angekula. Nilichukua mpira, nikarudi uwanjani.

Kesho yake Noordin alinisubiri bombani kabla ya swala ya adhuhuri. Sijui alinisoma usoni au alikuwa ameshindwa tu. Alinishika mkono wa shati.

"Abdijabar, yule ni Fosia. Dada yangu, wa tumbo moja. Baba alikwenda na ngamia watatu waliobaki kutafuta mvua, hajarudi. Walaal, ndugu yangu, nipe nusu tu. Nusu ya nyama yangu mwenyewe. Wewe tazama pembeni."

Mjue lilivyomgharimu neno lile. Mtoto wa watu wa ngamia, mbele ya mtoto wa mwenye duka.

Na mimi nikamjibu nini? "Baada ya fainali," nikamwambia. "Zimebaki siku kumi na moja. Ukipungua nguvu sasa tutafungwa. Tukishinda, nitamwomba Mkuu mwenyewe, utampelekea hata mguu mzima."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, husemwa. Mimi nilimjua vizuri sana, jina lake na mama yake. Shibe yangu tu ndiyo iliyonipendeza zaidi. Ningeweza kumpa nyama yangu, hakuna aliyekuwa ananitazama mdomoni. Sikumpa hata mfupa. Niliipenda ile nyama, nilipenda kuitwa kapteni, na nilitaka lile kombe kwa namna ambayo leo ninaona aibu kuieleza.

Akarudi mezani. Akala. Akafungua mdomo.

Alhamisi kabla ya fainali nilimtuma mchezaji mwenzetu apige mpira nje makusudi. Nataka mnihesabie hilo, ingawa ni dogo: nilikuwa na kipande cha nyama mfukoni. Nilifika kwenye vibanda na sikumwona mtu mwenye mkebe. Mwanamke mmoja mzee alikuwa anafagia mbele ya kibanda cha kwanza.

"Yule msichana mdogo yuko wapi?" nikauliza.

"Fosia binti Sugow? Tumemzika jana alasiri," akasema, akaendelea kufagia. "Mama yake, Saado, yumo ndani. Ana mvulana shuleni kwenu, lakini alikataa tumwite. Alisema asimvunje moyo, ana mtihani."

Mtihani. Hivyo ndivyo Noordin alivyokuwa amemweleza mama yake ule mpira.

Nilimpa mzee ile nyama. Akainusa, akashukuru, akaiweka kando. Nilirudi na mpira nikaurusha katikati ya uwanja, na Noordin akanitazama kwa macho ya kuuliza. Nikamwambia, "Wazima." Neno moja. Sijapata kusema uongo mwepesi kama ule.

Jumamosi uwanja ulijaa. Vijana wa Mandera walikuwa wamesafiri siku mbili juu ya lori, wana vumbi hadi kwenye kope, na walikuwa na njaa, ilionekana. Walikimbia nusu ya kwanza kisha wakaisha. Dakika ya sabini nikampa Noordin mpira upande wa kushoto, akawapita wawili, akapiga. Kipa wao hakuinua hata mikono. Moja kwa sifuri. Bwana Mwakio alilia.

Nilimwambia Noordin baada ya filimbi, huku wenzetu wanamtupa juu na kumdaka. Niliwaambia wamshushe, nikamwambia sikioni. Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa na ningeshukuru. Alikwenda mpaka kwenye ua wa miiba, akaupita vilevile alivyo, na jezi ya shule ikabaki imening'inia huko vipande vipande.

Jumatatu Bwana Mwakio aliita gwaride. Hakujua lolote, maana mimi sikumwambia. Alikuwa amesikia tu kwamba mama wa mfungaji anaishi karibu, akafurahi, akatuma mtu amlete. Saado alikuja, Noordin nyuma yake. Mwanamke mrefu, shuka lake limeoshwa, kandambili za jozi tofauti. Alisimamishwa mbele ya wavulana mia tatu, na Noordin akasimamishwa kando yake, akapewa kombe alishike kwa mikono miwili.

Bwana Mwakio alizungumza juu ya faida za michezo. Michezo hujenga mwili, alisema. Michezo hufundisha nidhamu. Michezo hututoa katika ubinafsi na kutufanya ndugu. "Mtazameni kijana huyu," akasema, akimshika Noordin paja. "Alikuja hapa fito. Tazameni leo! Na tumwombe mama yake, atupe neno. Kapteni, utafsiri."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wakanipa mimi nitafsiri.

Saado hakumtazama Mkuu. Alimtazama mwanawe, toka miguuni hadi usoni, taratibu, kama mtu anayepokea mnyama aliyeachwa kwa jirani. Kisha akasema kwa Kisomali, sauti ya kawaida, na kila mvulana aliyekuwa pale alimsikia na kumwelewa.

"Mwambie mwalimu namwona mwanangu. Amenona. Mwambie nilikuwa na wawili, na sikuweza kuchagua yupi ale. Kila siku nilikuwa nampa Mungu ile kazi, na Mungu naye ananirudishia. Mwambie asante kwa kunichagulia."

Bwana Mwakio alinigeukia akitabasamu, filimbi inang'aa kifuani.

"Anasemaje?"

"Anasema asante," nikasema.

"Mnaona!" akasema Bwana Mwakio kwa sauti kubwa. "Mzazi mwenyewe ameiona faida!" Akaanza kupiga makofi.

Na sisi tukapiga. Mia tatu tuliokuwa tumesikia, tukapiga makofi hadi viganja vikauma, kwa maana asiyepiga huchimba choo. Noordin peke yake hakupiga. Alikuwa ameshika kombe.