Mchuzi wa Jana kwa Haji Muzammil

Uvumi wenyewe Kudsia aliusikia kwenye mashine ya kusaga ngano, ukamganda kama kupe: ati kwa Haji Muzammil mchuzi wa nihari, ile nyama inayochemshwa usiku kucha, siku hizi haufanywi mzito kwa lozi. Lozi zimepanda bei. Wanasaga karanga.

Pengine ni fitina za wenye wivu. Lakini binti yake Mahvish, mwenye miaka minane, ana mzio wa karanga. Alipokuwa na minne alionja kipande cha kashata harusini, uso ukavimba, pumzi ikakatika, na tangu siku ile Kudsia hajui usingizi mzito ni kitu gani.

Jumapili asubuhi shemeji yake Tanvir, kaka mkubwa wa mumewe, akafika kutoka Kanpur na njaa yake.

"Leo tunakula kwa Haji. Nije Delhi niondoke nimekula mayai?"

"Shemeji, nimesikia wanatia karanga."

"Nawe! Paka akikohoa unataka daktari. Mtoto utamfungia ndani kama kuku?"

Mumewe alikuwa safarini kikazi, na kumkatalia mgeni, tena mkubwa wa mume, si jambo dogo. Wakaenda.

Hoteli iko kichochoroni nyuma ya msikiti mkubwa, kuta zake nyeusi kwa moshi wa miaka mia na kumi. Haji mwenyewe alikuwa amekaa juu ya jukwaa, miguu kaikunja, upawa mkononi, mbele yake chungu cha shaba kilichojengewa ndani ya jiko mpaka shingoni.

"Chungu hiki hakijawahi kuwa kitupu," alikuwa akiwaambia wateja. "Kila siku nabakiza bakuli moja, alfajiri nalimimina kwenye mchuzi mpya. Mnachokula leo kina mchuzi alioupika babu yangu!"

Tanvir akapiga makofi. Kudsia naye aliyasikia maneno hayo, akatikisa kichwa kwa heshima, lakini hayakumwingia. Akili yake yote ilikuwa kwenye swali lake.

"Samahani, Haji. Mchuzi huu una karanga?"

"Karanga?" Haji akauweka upawa chini. "Binti yangu, unanitukana mbele ya watu. Wallahi, leo humu haijaingia hata punje."

"Haya, umesikia," Tanvir akacheka. "Au unataka tumfufue na babu yake aape?"

Meza ya jirani nayo ikacheka. Kudsia akaona haya, na haya hiyo ndiyo iliyomponza. Akamega mkate, akauchovya, akamlisha mwanawe.

Tonge la tatu Mahvish akajikuna shingo. "Mama, ulimi unaniwasha."

Midomo ilikwisha anza kuvimba. Kudsia alimnyakua, akapiga mbio bila viatu mpaka kwa daktari wa kona ya pili, akasukuma watu mlangoni bila kuomba radhi. Mtoto akachomwa sindano pajani, kisha akapelekwa hospitali. Mpaka alasiri ndipo alipopumua vizuri na kuomba maji.

Tanvir alikuwa kajikunja kwenye benchi, hana mzaha tena. Kudsia alimwambia, "Kaa naye. Usimlishe kitu," akarudi kichochoroni.

"Uliniapia!" akamwambia Haji, wateja wote wakageuka.

"Na nitaapa tena. Leo hatukutia karanga."

"Na jana?"

Haji akashusha sauti. "Jana Jumamosi, watu walijaa, lozi zikaisha. Tulisaga karanga kidogo tu."

"Na bakuli la jana liko wapi?"

Haji akatazama chungu chake. Ilionekana kwamba hata yeye hakuwahi kulifikiria hilo. Miaka mia na kumi wanamimina la jana juu ya la leo, hakuna hata mmoja aliyejiuliza nini kinahama nalo.

"Kimwage hicho chungu," Kudsia akasema. "Kioshe."

"Nimwage mchuzi wa babu? Watu wanatoka Lucknow kuja kuula!"

"Mwanangu nusura umuue."

"Mungu amponye. Nitampelekea kebabu."

Kebabu! Kudsia alitamani kuukamata ule upawa. Badala yake akaenda nyumbani, akachana karatasi kwenye daftari la Mahvish, akaandika kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la tano, akaibandika kwa uji wa ngano kwenye mlango wa hoteli. Haji akaibandua. Kesho yake akaleta nyingine, na mpaka leo kila ikibanduliwa anabandika. Imeandikwa hivi:

Mwenye mtoto wa mzio wa karanga aepuke:
- Mchuzi wa humu, siku yoyote, mpaka chungu kimwagwe na kuoshwa.
- Mkate uliochovywa humo, hata kidogo.
- Hoteli yoyote inayojisifu kwamba chungu chake hakijawahi kuwa kitupu.
- Kuuliza leo wametia nini bila kuuliza jana na juzi.
- Kiapo cha mwenye hoteli.
- Shemeji anayecheka.
- Kuona haya.