Mkono wa Kushoto wa Salha

Salha na mumewe Shaban waliuza vitambaa Chang'ombe kwa miaka mingi. Shaban alipofariki, Salha alikaa eda mpaka ikaisha, akarudi dukani. Lakini mteja alilazimika kuuliza bei mara mbili ndipo ajibiwe. Jioni alifunga duka, akaenda moja kwa moja kulala. Mwanawe Aiman, aliyekuwa masomoni Mwanza, akipiga simu aliambiwa mama hajambo.

Wifi yake Jaha, dada wa marehemu, hakudanganyika.

"Wifi, Jumamosi asubuhi vaa raba. Tunatoka."

"Shughuli ya nani?"

"Hakuna shughuli. Tunakwenda kurusha mishale."

Salha akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. "Tukawinde digidigi, Jaha?"

"Ni mchezo, kama netiboli. Watu wa ofisini kwetu wanakwenda, na mwalimu yupo."

Uwanja ulikuwa nje ya mji, njia ya kwenda Mvumi. Upepo wa Julai ulikuwa ukipeperusha vumbi na mitandio. Mbele yao marobota ya nyasi yalipangwa kama ukuta, yakabandikwa karatasi zenye maduara ya rangi, njano ikiwa katikati. Mwalimu alikuwa binti wa Kongwa, jina lake Yasinta.

"Shikamoo, mama. Karibu. Sheria yetu kubwa ni moja: hakuna kuvuka mstari huu mpaka nipulize filimbi."

Salha akapewa upinde, akaushika kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa wa kulia kama wenzake. Mshale ukaangukia majanini. Uliofuata ukapita juu ya marobota. Akaona haya, akataka kwenda kukaa kivulini.

"Ngoja kidogo, mama," Yasinta akamwambia. "Unganisha viganja, acha kitundu katikati. Itazame ile nguzo ya goli kupitia hapo. Sasa fumba jicho la kushoto."

"Nguzo imepotea."

"Fumba la kulia."

"Ipo."

"Basi jicho lako la kulengea ni la kushoto. Na mkono je? Unaandika kwa upi?"

"Wa kulia."

"Tangu utotoni?"

Salha akautazama mkono wake wa kushoto. "Hapana. Mama alikuwa akinifunga wa kushoto kwa kanga wakati wa kula, nisije nikamwaibisha mbele ya wageni. Mwishowe nikauacha."

Yasinta hakucheka. Alikwenda kuleta upinde mwingine. "Huu ni wa wanaovuta kwa kushoto. Vuta mpaka vidole viguse kidevu. Tulia. Kisha viachie tu."

Salha akavuta. Mkono ulikwenda wenyewe, bila kufundishwa. Mshale ukalia *tu!* ndani ya nyasi, kwenye duara la buluu. Jaha akapiga vigelegele mpaka mstari mzima ukageuka kutazama.

Salha alikuwa akilia.

"Umeumia, wifi?"

"Sijaumia. Nimemkumbuka kaka yako. Vitambaa nilikuwa navikata kwa mkono huu nyuma ya duka. Mteja akiingia, Shaban alikuwa anasimama mlangoni kunikinga nisionekane. Hakuwahi kuniuliza, wala kunitania. Na mimi sikuwahi kumwambia ahsante."

Jaha akamshika bega. "Alijua, wifi."

Walikaa uwanjani mpaka jua likawa kali. Njano hakuigusa hata mara moja, wala hakujali. Wakati wa kuondoka alimshika Yasinta mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umenirudishia kitu changu."

"Kilikuwepo siku zote, mama. Karibu tena."

Njiani akamwambia Jaha, "Na wewe Mungu akulipe. Ningebaki kitandani."

"Nani angekuacha huko? Wewe ndiye wifi yangu."

Jumamosi iliyofuata Salha alifika uwanjani kabla ya watu wote. Yasinta alimkuta ameshaanza kuburuta marobota, jasho linamtoka, anaimba.