Hodi za Alfajiri

Barabara za nchi ya Tamuria hazikuwa za lami wala za vumbi. Zilikuwa nyekundu, zenye joto, zikijipinda hadi kwenye kila uchochoro, na kila mgeni alizisifu kwa usafi wake. Nchi hiyo ilitawaliwa na Mtukufu Shibe, mwenye viwanda vyote vya sukari na tumbo la kuvithibitisha, aliyeamuru mikokoteni ipite kutwa kucha, maana kila gunia lililoingia nyumbani mwa raia lilimwachia yeye chake. Lakini mlango wa nyumba yoyote ya Tamuria haukufunguka hivi hivi. Ilibidi Muinsuli, mtu wa bonde la Kongosho, asimame kizingitini apige hodi, na mwenye nyumba aitikie karibu. Bila karibu, mlango haukusogea.

Sasa jamani, nani asiyechoka kubishiwa hodi kila akilaza ubavu? Stoo zimejaa, sukari imefika hadi uvunguni mwa vitanda, na bado hodi! Watu wakaanza kujifanya hawasikii. Muinsuli mmoja akawa hatoshi. Likaja kundi zima kupiga kelele kwenye mlango mmoja, nao ukafunguka shingo upande. Barabarani haikubaki hata chembe. Mtukufu akitazama kutoka roshani yake alitangaza kwamba nchi ina afya, akapigiwa makofi.

Zamda, dada yake wa toka nitoke, hakupiga makofi. Mumewe, Kirobo, alikuwa Muinsuli, na siku hizi alirudi nyumbani akiomba maji kwa ishara.

“Kaka, simamisha mikokoteni usiku mmoja tu,” alisema. “Watu wasile kitu, wanywe maji. Alfajiri tusikilize. Kama nchi ni nzima, Wainsuli watakuwa wamepumzika, tutasikia sauti moja moja tu huku na huku.”

“Hata chai?” aliuliza Mtukufu, kwa uchungu wa kweli.

“Hata chai.”

Alikubali, kwa kuwa hakuwa na shaka yoyote.

Alfajiri wakasimama roshani. Hakuna mkokoteni uliotembea, hakuna aliyekula, na bado mji mzima ulikuwa ukivuma hodi, hodi, hodi, kwani hata sukari kidogo ambayo maghala ya akiba ya nchi huimwaga barabarani kila usiku watu wasipokula, haikupata pa kuingia bila umati na makelele.

“Barabara ni safi, Mtukufu,” alisema Waziri wa Usafi. “Nimekagua mwenyewe.”

“Basi tatizo liko wapi?”

“Usafi huo unabebwa na makoo ya Wainsuli!” Zamda alishindwa kujizuia. “Ukitazama barabara peke yake utajidanganya mpaka zifurike. Sikiliza, kaka! Tumefunga usiku kucha na bado wanapiga kelele hivi. Kirobo sauti inamwisha. Punguza mikokoteni, milango ipumzike, itasikia tena. Bado hatujachelewa.”

Mtukufu alisikia, hilo tusimnyime. Uso ulimbadilika. Kisha akavikumbuka viwanda vyake.

“Waongezwe Wainsuli,” alisema, akaagiza chai.

Wakaongezwa mpaka bonde la Kongosho likaisha watu. Sauti zikakatika moja baada ya nyingine, na sukari, iliyokosa wa kuiombea njia, ikabaki barabarani, ikayeyuka, ikawa uji mzito ulionasa viatu vya mawaziri. Wageni wakaacha kuja. Uji ukapanda ngazi za kasri, ukamkuta Mtukufu kitandani. Alitokea dirisha la jikoni, miguu imemfa ganzi, akajikokota mpaka nyumba ya dada yake.

“Hodi!” aliita. Hakuwahi kupiga hodi maishani mwake, na sauti ilimtoka nyembamba. “Hodi, Zamda! Ni mimi, kaka yako!”

Zamda alikuwa ametoka kumtafutia mumewe maji. Ndani alikuwemo Kirobo peke yake, amesimama nyuma ya mlango, kinywa wazi. Kama alikuwa akijaribu kuitikia karibu, au alikuwa akipumua tu, hakuna aliyepata kujua.

Mtukufu akapiga hodi tena, kwa nguvu zaidi.