Wanaotoka Haraka kwenye Ukurasa wa Tanzia

Kila asubuhi, chai yake ya majani ya maramiya haijapoa bado, Mwalimu Fawwaz alivaa miwani, akaipapasa simu yake kati ya mito ya kochi, akafungua ukurasa wa tanzia wa tovuti ya Vilima Leo. Alitazama nani kafa, anaswaliwa msikiti gani, saa ngapi, na makaburi yepi. Basi. Anaizima simu, analipiga pasi koti lake jeusi, huyo anatoka. Shughuli yote haikufika nusu dakika, na katika mji wote wa Salt hakuna jeneza lililoteremka vilima vyake bila Mwalimu Fawwaz kutia bega.

"Baba, huyu wa leo unamjua?" binti yake Buthayna alimuuliza siku moja.

"Simjui. Lakini babake aliniuzia ndoo mwaka sabini na tisa."

"Ndoo, baba?"

"Na haijatoboka mpaka leo! Kuzika ni kuzikana, mwanangu. Nipe viatu."

Alikuwa mjane, masikio yameziba. Ukimpigia simu hasikii, na kipaza sauti cha msikiti kilimfikia kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Ukurasa ule ndio uliobaki kumwita kwa watu, na aliyeuandika ni huyo huyo Buthayna, mwaka wa sita sasa. Ungefungwa, mzee angekaa na koti lake mpaka litobolewe na nondo.

Nao ulitaka kufungwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi, Bwana Wasfi, mwenye tovuti, alimwita Buthayna ofisini akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Soma mwenyewe. Watu mia wakiingia kwa maiti wako, tisini na mmoja wanatoka pale pale, hawafungui hata ukurasa wa pili. Wamekuja kuomba moto?"

"Wanatoka kwa sababu wanakwenda kuzika, Bwana Wasfi."

"Wakazike, nani kawakataza? Lakini kwanza watembee humu ndani, waone matangazo. Kufa kufaana, binti yangu. Mwezi ukiisha hawajashuka chini ya sitini, nafunga tanzia naweka utabiri wa nyota. Wa nyota hawana haraka, wale."

Buthayna alirudi mezani kwake na hasira za kumtosha mtu na nusu. Angefanya nini? Angemwambiaje babake kwamba kesho hatajua nani kafa? Akakaa, akafanya kile ambacho wajuzi wa kazi hiyo hukifanya kila siku na kukiita ufundi: akaificha habari. Ukurasa wa kwanza akaweka picha na jina la marehemu. Wa pili, alizaliwa wapi, alisoma wapi, kaacha watoto na wajukuu wangapi. Msikiti, saa na makaburi akavisukuma mwisho kabisa, ukurasa wa tatu, chini ya tangazo la mazulia.

Jamani, mbona ilifanya kazi! Wiki moja, sabini na nane. Wiki ya pili, sitini na tatu. Ya tatu ilipoanza, hamsini na nne. Bwana Wasfi akaleta sinia zima la kunafa, shira inadondoka mezani, na wote wakala. Buthayna naye alikula, akalamba na vidole.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine.

"Nyie wa ofisini mmepatwa na nini?" mzee alinung'unika, kidole chake kinene kikikwaruza kioo cha simu. "Natafuta msikiti, napewa wajukuu!"

"Bonyeza penye mshale, baba. Hapo chini. Si hapo, hilo ni zulia."

"Zulia la nini? Mimi nataka maiti!"

Walicheka wote wawili, kweli walicheka. Lakini Jumanne iliyofuata Mwalimu Fawwaz alirudi mapema, koti mkononi, viatu havina hata chembe ya udongo. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akavitazama. Aliyezikwa siku hiyo alikuwa Abu Sakhr, waliyefundisha naye shule moja miaka ishirini na miwili, meza kwa meza.

"Nimefika kaburi limeshamwagiwa maji," alisema. "Watu wanapanda magari yao. Mwanawe kanipa mkono tu. Ameniona nimechelewa maziko ya babake, Buthayna. Mimi!"

"Pole, baba."

"Nilikuwa bado nasoma kule kwenye simu alisomea wapi. Alisomea wapi! Mimi ndiye niliyesoma naye!"

Hapo ndipo angemwambia. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mwezi ulibakiza siku tisa tu, naye alikwisha jipangia: mwezi ukiisha, hesabu ikishakubaliwa, atarudisha kila kitu kidogo kidogo, bila kelele. Akaenda kumchemshia chai. Mzee hakuinywa, na asubuhi iliyofuata simu ilikaa kati ya mito mpaka adhuhuri.

Siku ya sita baada ya hapo, Mwalimu Fawwaz hakuinuka kwenye sijida ya alfajiri. Mwanawe mkubwa, Muhannad, ndiye aliyemkuta, paji la uso chini, baridi.

Kwao maiti halazwi ndani usiku. Imamu wa msikiti mkuu alisema ataswaliwa baada ya adhuhuri, waoshaji wakaitwa, jamaa wa karibu wakapigiwa simu. Lakini mzee huyu hakuwa wa jamaa tu. Alikuwa wa mji mzima, na mji mzima haupigiwi simu.

"Andika, dada," Muhannad alimwambia, machozi yamemjaa ndevuni. "Andika upesi, watu wapate kufika. Leo utaona Salt itakavyojaa."

Buthayna alikaa ukingoni mwa kitanda cha babake, kompyuta magotini, huku wanawake wa kwanza wanabisha hodi. Aliandika kwa mikono isiyosikia, macho hayaoni vizuri. Picha ya mzee na koti lake jeusi, na jina. Kisha alizaliwa wapi, alifundisha wapi, kaacha nani. Kisha, mwisho, msikiti na saa na makaburi. Mikono ilifanya ilivyozoea wiki tatu nzima. Hakuna aliyeituma, wala hakuna aliyeizuia. Akabonyeza, akafunga, akaenda kupokea wageni.

Kwao wanawake hawaendi makaburini. Walikaa sebuleni na kahawa chungu, vikombe vikizunguka, na Buthayna akangojea kusikia kishindo cha mji unaorudi kutoka kuzika.

Aliyerudi ni Muhannad na binamu wachache. Alimfuata dadake jikoni.

"Wangapi?" Buthayna aliuliza.

"Safu mbili msikitini. Na ya pili haikujaa."

"Haiwezekani."

"Nakwambia tumembeba sisi kwa sisi! Bega limeniwaka, nageuka nyuma kutafuta wa kunipokea, hakuna mtu. Kawazika baba zao wote hawa, kasimama na mvua na theluji! Watu wa mji huu hawana fadhila hata punje. Mbwa ana fadhila kuliko wao."

Buthayna alikwenda chumbani kwa mzee, akafungua kompyuta. Maoni ya wasomaji hayakuonekana kwa watu mpaka yeye mwenyewe ayaruhusu, na toka asubuhi hakuruhusu hata moja. Yalikuwa yanamngoja mia moja na themanini na saba.

"Mungu amrehemu mwalimu wetu. Anaswaliwa wapi?"

"Ndugu, nimesoma mara mbili sioni msikiti. Saa ngapi?"

"Alibeba jeneza la mama yangu akiwa na homa. Tafadhali, makaburi yepi?"

"Mimi ni mwana wa Abu Sakhr. Nakuja sasa hivi, niambieni niende wapi."

Na mmoja, saa saba kasorobo: "Nipo huku msikiti wa juu tangu saa sita, sioni jeneza. Nimekosea?"

Simu ikalia mfukoni mwake. Ulikuwa ujumbe wa Bwana Wasfi. Alimpa pole, akamwombea mzee pepo, akasema atafika kesho kukaa matangani. Kisha akaongeza: "Na ujue, babako kavunja rekodi. Katika mia walioingia, waliotoka pale pale ni ishirini na tisa tu."

Muhannad alikuwa amesimama mlangoni, bado analaani. "Hata mmoja, dada! Hata wa kuja kusimama tu!"

"Walikuja," Buthayna alisema.

"Wapi? Nani?"

"Wote walikuja. Nimewafungia mimi." Akamgeuzia kioo.

Muhannad alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa kitandani akaendelea kusoma. Alipofika kwa yule wa msikiti wa juu akarudia mara ya pili, midomo inatembea. Aliiweka kompyuta juu ya mto wa babake, akainuka, akatoka. Siku tatu zote za matanga alimpitia dadake ukumbini na sinia la vikombe, macho kwenye vikombe.